Nyumba Yenu Ina Watu Wangapi?



Lipo swali moja ambalo wazee wetu wa Kasongo na Kabambare wameulizwa tangu zamani, nasi tunaulizwa hata leo: nyumba yenu ina watu wangapi? Wamelileta wafanyabiashara wa pembe, makarani wa kodi wa Bula Matari, mapadri wenye vitabu vya parokia na wagawaji wa unga kambini. Siku hizi linaletwa na serikali za nchi za mbali walikohamia ndugu zetu. Kila muulizaji alikuwa na haja yake, na kila mmoja alimaanisha nyumba tofauti na ile aliyoimaanisha mwenzake.

Nimeona jambo hili lafaa kuandikwa kwa sababu ya lawama inayosikika mara kwa mara katika makundi yenu. Yaya yuko Marekani mwaka wa tisa sasa, ana kazi, ana gari, ameshapata uraia. Kwa nini hatuvuti? Wapo waliofikia kukatiana simu kwa ajili hiyo, na wapo wazazi waliokufa wakiamini kwamba mtoto wao amewasahau. Pengine lawama hiyo ni ya haki kwa baadhi. Lakini mara nyingi, kati ya yaya huyo na mama yake aliyebaki Kabambare, imesimama hesabu ya watu wa nyumba, na hesabu hiyo ina historia ndefu ambayo hatufundishwi shuleni.

Tuanze mbali kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1870, Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ambaye sote twamjua kwa jina la Tippu Tip, aliingia nchi ya Utetela, magharibi ya Lualaba. Katika habari za maisha yake alizoziacha kwa Kiswahili anaeleza jinsi alivyopata kusikia kwamba mtemi wa huko, mzee Kasongo Rushie, alikuwa na dada aliyechukuliwa mateka zamani katika nchi ya Urua. Basi Tippu Tip akajitangaza kuwa mjukuu wa mwanamke huyo. Mtemi akampokea kama damu yake, na mgeni akakabidhiwa nchi. Wanahistoria hawalichukui dai hilo kuwa la kweli. Mimi nalitaja kwa sababu linaonyesha jambo ambalo tutalikuta tena mbele: udugu uliotamkwa vizuri mbele ya mwenye mamlaka unaweza kuwa hati ya kuingilia nchi.

Zama zile mtu alikuwa mali. Nyumba ya mkubwa pale Kasongo, mji ambao Sefu mwana wa Tippu Tip aliushika hadi majeshi ya Dhanis yalipouteka tarehe 22 Aprili 1893, ilihesabiwa kwa wake, watoto, wafuasi, watumwa na watoto wa mateka waliolelewa humo. Aliyekuwa na watu wengi alikuwa na nguvu. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kupunguza hesabu yake.

Ubelgiji ilipoichukua nchi mikononi mwa Mfalme Leopold mwaka 1908, mambo yaligeuka. Amri ya mwaka 1910 iliweka kodi ya fedha juu ya kila mwanamume mzima, na kodi ya nyongeza kwa kila mke baada ya yule wa kwanza. Baadaye mume wa mke mmoja aliyekuwa na watoto wanne hai alisamehewa kodi. Tazameni vizuri kilichotokea hapo. Serikali ilikuwa imeamua kwa kalamu yake nyumba nzuri ina umbo gani, ikaweka bei juu ya kila umbo jingine. Amri ya mwaka 1950 ilikwenda mbali zaidi: ndoa ya wake wengi iliyofungwa kuanzia tarehe 1 Januari 1951 haikutambuliwa tena. Wake hao hawakutoweka. Waliandikwa kuwa wanawake wanaoishi peke yao. Huko Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, katika mtaa wa Buyenzi walikokaa Waislamu wasemao Kiswahili, wanawake wa namna hiyo, pamoja na wajane na walioachwa, walitozwa kodi yao wenyewe. Mjane mwenye heshima zake aliwekwa katika daftari moja na mwanamke wa barabarani, nao wakalichukia daftari hilo kwa haki.

Hivyo kizazi kizima kilijifunza kwamba karani akija na kitabu, nyumba inatakiwa kuwa ndogo.

Parokia nazo zilikuwa na kitabu chao. Utaratibu wa Kirumi wa mwaka 1614 uliwaagiza maparoko kuandika, pamoja na vitabu vya ubatizo, kipaimara, ndoa na vifo, kitabu cha hali ya roho, ambamo kila familia huandikwa peke yake: nani anaishi humo, ana umri gani, amepokea sakramenti zipi. Mapadri Weupe waliofika Kasongo mwanzoni mwa karne ya 20 waliukuta utaratibu huo umekwisha kukomaa Ulaya, wakauleta hapa. Kitabu hicho hakikutoza kodi, ndiyo maana watu wengi walikijibu kwa uwazi zaidi. Hata hivyo nacho kilikuwa na macho yake. Mke wa pili wa mkatekumeni hakuwa na mstari wa kuandikwa, na mtoto wa ndugu aliyelelewa nyumbani aliandikwa chini ya baba yake mzazi, hata kama baba huyo alikuwa amekufa miaka mingi.

Katika Maandiko mna hesabu za aina mbili. Kitabu cha Hesabu kinaanza kwa kuhesabu wanaume wa miaka 20 na zaidi wawezao kwenda vitani. Ni hesabu ya jeshi. Katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 12, kuna hesabu nyingine, ya mwanakondoo wa Pasaka: nyumba iliyo ndogo iungane na jirani, na wahesabiwe kwa kadiri kila mtu anavyokula. Hii ni hesabu ya chungu. Katika vijiji vyetu, mtu akikuuliza mko wangapi nyumbani, ndiyo unayomjibu. Unawataja wanaokula chungu kimoja: wewe, mke, watoto, mama mkwe, mtoto wa marehemu kaka yako, na yule kijana wa Salamabila aliyekimbia vita akaja kusoma kwenu.

Sheria ya Familia ya nchi yetu, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 1987, ilijaribu kuipokea hesabu hii ya chungu. Inasema nyumba ni mume na mke, watoto wao wasiooa wanaowategemea, na wote ambao wanandoa hao wanadaiwa kuwalisha, ilimradi wanakaa humo kwa kawaida na wameandikwa katika kitabu cha nyumba. Naiona kuwa tafsiri nzuri. Kasoro ni hilo neno la mwisho, kwa kuwa kitabu cha nyumba si wengi vijijini mwetu wanaokimiliki. Na nchi yenyewe haijawahesabu watu wake wote tangu mwaka 1984. Kitambulisho cha wengi kimekuwa kadi ya mpiga kura, ambayo tarehe zake za kuzaliwa mara nyingi ni za kukisia.

Kisha vita vikaja, mwaka 1996, tena mwaka 1998. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 katika wilaya ya Kasulu, mkoani Kigoma, nchini Tanzania. Wengi wa waliokimbilia huko walitoka Fizi na Uvira, na pamoja nao watu wa kwetu waliovuka milima kutoka Kabambare, kisha wakavuka ziwa. Hapo swali la zamani liliulizwa tena, lakini safari hii kwa ajili ya unga, mbaazi, mafuta na chumvi. Kadi ya mgao huonyesha idadi ya watu, na mgao hufuata idadi hiyo. Kodi ya Mbelgiji iliwafundisha babu zetu kupunguza. Mgao wa kambi uliwafundisha watoto wao kuongeza. Yatima aliyeokotwa njiani aliandikwa kuwa mtoto wa kuzaa ili asitengwe na wenzake. Kijana aliyeoa alibaki katika kadi ya baba yake. Wengine walipewa tarehe ya kuzaliwa ya 1 Januari, kwa kuwa mwaka tu ndio uliokumbukwa. Mara nyingi hapakuwa na uongo wa moyoni katika maneno hayo. Katika lugha zetu mtoto wa kaka yangu ni mtoto wangu; sina neno jingine la kumwitia. Mkalimani akiuliza, „Huyu ni mtoto wako?” jibu la kweli ni ndiyo. Akiuliza, „Ni wa kuzaa?” jibu hubadilika, na si kila mkalimani aliuliza mara ya pili.

Basi, mwaka 2015 ulipotangazwa mpango wa kuwahamisha Wakongomani zaidi ya 30,000 wa Nyarugusu, hasa kwenda Marekani, kadi hizo za unga zikawa ushahidi wa ukoo. Yaliyosemwa mwaka 1997 kwa ajili ya kilo za unga yalilinganishwa na yaliyosemwa mbele ya ofisa wa uhamiaji miaka 20 baadaye.

Tahadhari ilikuwa imekwisha kutolewa. Marekani ilikuwa na njia iliyomruhusu mkimbizi aliyekwisha kufika kuwataja mke au mume, watoto na wazazi wake waliobaki Afrika, ili nao wapokewe. Mwaka 2008 walianza kupima DNA, kwanza Nairobi, hasa kwa familia za Wasomali na Waethiopia. Udugu wote uliotajwa ulithibitika katika sehemu ndogo tu ya mafaili, ingawa waliokataa kupimwa nao walihesabiwa upande wa walioshindwa. Njia hiyo ikafungwa mwaka huo huo, ikafunguliwa tena mwaka 2012 pamoja na kipimo cha DNA kati ya mzazi na mtoto. Udanganyifu ulikuwepo, tusijifiche. Lakini kipimo cha damu hakiwezi kumtofautisha mtu aliyemuuzia jirani nafasi ya mtoto na shangazi aliyemlea yatima tangu kunyonya. Vyote viwili huonekana sawa katika karatasi ya maabara.

Sasa tufike kwenye udhamini wenyewe, ambao ndio unaowagombanisha wengi.

Mkimbizi anayepokewa Marekani kama mkimbizi hahitaji ndugu wa kumdhamini kwa mshahara wake. Na ndani ya miaka miwili tangu afike, anaweza kuomba mke au mume wake na watoto wake wasiooa walio chini ya miaka 21 wamfuate, bila kuonyesha mapato. Wazazi, kaka na dada hawamo katika njia hiyo. Mpango wa kupokea wakimbizi wenyewe ulisimamishwa Januari 2025. Anayetaka kumvuta mama yake hana budi kungoja awe raia, kisha kufuata njia ya kawaida ya familia, na njia hiyo hupita katika fomu iitwayo I-864.

Fomu hiyo nayo ina mababu zake. Sheria ya Marekani ya mwaka 1882 ilikataza kumpokea mtu asiyeweza kujitunza ambaye angekuwa mzigo wa umma. Waswahili wamesema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wamarekani waliligeuza wazo hilo kuwa sheria, wakataka kuliona jembe kabla mgeni hajashuka melini. Mwaka 1930, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, Rais Hoover aliagiza mabalozi wadogo wakitumie kifungu hicho kwa ukali. Miaka michache baadaye Wayahudi waliotaka kumkimbia Hitler walilazimika kutafuta ndugu wa mbali, hata watu wasiowajua, wawaandikie viapo vya kuwatunza. Waliokosa viapo walibaki. Ilikuwa hesabu ya karatasi, na wengi waliangamia wakiwa upande usiofaa wa hesabu hiyo.

Viapo vya zamani havikuweza kudaiwa mahakamani. Sheria ya mwaka 1996 ndiyo iliyovifanya kuwa mkataba. Tangu Desemba 1997 mdhamini anaahidi kumweka mhamiaji katika kipato kisichopungua asilimia 125 ya kipimo cha umaskini cha serikali, na ahadi hiyo haiishi kwa ugomvi wala kwa talaka. Inaisha mhamiaji akipata uraia, akihesabiwa robo mwaka 40 za kazi, yaani kama miaka 10, akiondoka nchini moja kwa moja na kuacha ukaaji wake, au akifa.

Kipimo hicho cha umaskini hutegemea ukubwa wa nyumba, na asili yake ni chungu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mtakwimu mmoja, Mollie Orshansky, binti wa wahamiaji waliotoka Ukraina, alichukua gharama ya chakula cha kubana cha familia akaizidisha kwa tatu, kwa kuwa uchunguzi wa mwaka 1955 ulionyesha kwamba familia za Marekani zilitumia karibu theluthi moja ya mapato yao kwa chakula. Tangu hapo hesabu ya sufuria ya mama wa Kimarekani imekuwa mlango wa kupitia mama wa Kabambare.

Je, nani huhesabiwa? Hapa sheria yao wenyewe imebadilika. Kanuni ya mwaka 1997 ilimhesabu kila ndugu wa damu, wa ndoa au wa kupanga aliyekaa chini ya paa moja na mdhamini. Kanuni ya mwaka 2006 iliwaondoa ndugu hao, isipokuwa mapato yao yakitumiwa kusaidia udhamini. Kwa sasa huhesabiwa mdhamini mwenyewe. Mke au mume wake. Watoto wake wasiooa walio chini ya miaka 21, hata wasiokaa naye. Wengine aliowataja kuwa tegemezi katika hati yake ya kodi. Wote aliowahi kuwatilia saini zamani na ahadi yao haijaisha. Na wale anaowaombea sasa. Mtu mmoja hahesabiwi mara mbili.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kijana wa Kabambare alipitia Nyarugusu, yuko Marekani na mke na watoto wawili, ameshakuwa raia, na anataka kumleta mama yake. Wao wanne, na mama wa tano. Kwa kipimo cha mwaka 2025 nyumba ya watu watano ilitakiwa kuwa na mapato ya dola 47,062 kwa mwaka. Kijana huyu analipwa dola 17 kwa saa. Akifanya saa 40 kila juma bila kukosa hata moja, anapata dola 35,360. Amepungukiwa dola 11,702. Tena, alizaa mtoto Kasongo, ambaye sasa ana miaka 19 na anakaa na bibi yake. Huyo naye ni mtoto wake, na hajafikia miaka 21. Nyumba imekuwa ya watu sita, na kiasi kinapanda hadi dola 53,937. Akitaka kumleta baba pia, ni watu saba, dola 60,812.

Mtoto huyo wa Kasongo aliye mbali amehesabiwa. Lakini watoto watatu wa marehemu kaka yake, ambao analipia karo na chakula kwa simu kila mwezi, hawahesabiwi kabisa. Fomu haiwaoni. Haimwongezei mzigo kwa ajili yao, wala haimpunguzii. Mwalimu wa hesabu angesema kwamba kuna nyumba mbili zenye jina moja: moja ya karatasi, ya watu sita, na moja ya chungu, yenye watu 10 au 12, na mshahara mmoja unazilisha zote mbili.

Njia za kuziba pengo zipo. Mapato ya mke wake yanaweza kuunganishwa na yake. Mali inayoweza kugeuzwa fedha inakubaliwa, lakini kwa mama yake ithamani yake iwe mara tano ya pengo, yaani katika mfano wetu wa watu watano, dola 58,510. Au apatikane mdhamini mwenza, raia au mkaaji wa kudumu, ambaye si lazima awe ndugu. Huyo hutia saini mkataba ule ule, na huyo mama huingia katika hesabu ya nyumba yake kwa miaka mingi. Siku akitaka kumvuta mama yake mwenyewe, atamkuta mgeni wa zamani amekwisha kukaa katika fomu. Mtu anayekataa kuwa mdhamini mwenza msimwite mchoyo kabla ya kujua ameshawatilia saini wangapi.

Na jambo ambalo naona linawashtua wengi: mama anayeombwa na mwanawe raia huja peke yake. Watoto wake wadogo hawafuatani naye katika ombi hilo. Kaka na dada wana foleni yao wenyewe, inayozidi miaka 10. Kuna mama aliye na visa na mtoto wa miaka 12 mkononi, naye hawezi kumchukua. Ndugu aliye Marekani akisita kumwomba mama, pengine ni kwa sababu anajua mlango ule ni mwembamba kiasi gani.

Kanada ina ukali wa namna nyingine. Kwa wazazi na mababu, nje ya Quebec ambayo ina taratibu zake, mdhamini huahidi miaka 20, na kwa kawaida huonyesha kwa miaka mitatu mapato yanayozidi kipimo cha kipato cha chini kwa asilimia 30, tena kwa hesabu ya watu wote, pamoja na wale ambao hawatasafiri. Lakini kanuni ya kuogopwa zaidi ni ile ya mwaka 2002: mtu ambaye mhamiaji hakumtaja wala hakupimwa wakati wa maombi yake ya kwanza hawezi kudhaminiwa naye baadaye kama mwana wa familia. Mtu alimficha mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa kwa kuogopa aibu, au kwa sababu dalali alimshauri kwamba familia ndogo husafiri haraka. Kwa neno hilo moja amemfungia mtoto wake mlango kwa mkono wake. Tangu Septemba 2019 serikali ya huko imeanza utaratibu wa kuwalegezea baadhi, hasa waliopokewa kama wakimbizi. Hiyo ni huruma, si haki ya kudai, na huruma inaweza kuondolewa.

Uingereza nayo, kuanzia Julai 2012, ilimtaka anayemleta mke au mume kuonyesha paundi 18,600 kwa mwaka, na 3,800 zaidi kwa mtoto wa kwanza na 2,400 kwa kila mtoto anayefuata ambaye naye alihitaji visa. Aprili 2024 kiasi kikawa paundi 29,000, na nyongeza ya watoto ikaondolewa kwa waombaji wapya. Hapo mtu mwenye watoto watano na asiye na mtoto wamekuwa sawa mbele ya mlango. Sijui kama mtunga kanuni alikusudia usawa; mwenye mshahara mdogo hauoni.

Ndiyo maana mambo madogo ya karatasi hapa kwetu, ambayo vijana huyaona kuwa kazi ya wazee, yana uzito. Cheti cha ubatizo huombwa na walio ng'ambo kama ushahidi wa nani alizaliwa na nani, na katibu wa parokia hutoa kilichoandikwa, hatoi kilichotakiwa. Jina la baba likiandikwa kwa namna tatu katika ubatizo, kadi ya mpiga kura na kadi ya kambi, mtu wa Nairobi au Montreal atawaona baba watatu. Kwa Sheria ya Familia kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, mzazi ana siku 90 tangu mtoto azaliwe za kumwandikisha bila malipo. Zikipita, hutafutwa hukumu ya mahakama ya kushika nafasi ya cheti, na hukumu iliyotolewa mwezi mmoja kabla ya maombi ya visa hutazamwa kwa jicho la shaka.

Na yule mtoto wa marehemu kaka, ambaye hakuna fomu inayomwona? Sheria yetu inalo jina la kumpa: mtoto wa kupanga, kwa hukumu ya mahakama. Kwa upande wa Marekani, hukumu hiyo kwa kawaida hukubaliwa ikiwa ilitolewa kabla mtoto hajatimiza miaka 16, na mlezi awe amekaa naye na kuwa na dhamana yake kisheria kwa miaka miwili. Mtoto aliyeletwa nyumbani akiwa na miaka 5 ana miaka 11 ya kufanyiwa jambo hilo. Wengi hukumbukwa wakiwa na 17, siku fomu inapofika.